Megawati 200 zinazotangazwa, na zile zinazoufikia mji

Shirika la umeme likitangaza kuwa limepata megawati 200 mpya kwa ajili ya mji unaokua, kuna mambo matatu ambayo tangazo huyaacha nje: megawati hizo zitapatikana saa ngapi, zitapita wapi mpaka zifike, na nani atazilipia siku ambazo hakuna anayezihitaji. Mtambo wenyewe, ule unaopigwa picha siku ya uzinduzi, ndio sehemu nyepesi kueleza. Lakini ni hayo matatu yanayoamua kama taa zitawaka, na bili itakuwa na sura gani miaka 20 ijayo.

Kwanza kipimo chenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Megawati hutaja nguvu inayoweza kutoka kwa wakati mmoja. Uniti tunazolipia ni kilowati-saa, yaani kiasi kilichopita kwenye mita kwa muda fulani. Mtambo wa nyuklia wa megawati 100 ukifanya kazi asilimia 90 ya mwaka hutoa karibu megawati-saa 790,000. Mtambo wa jua wa megawati 100, mahali ambapo wastani wake ni asilimia 20 ya uwezo, hutoa takriban 175,000. Kwenye tangazo yote miwili ni "megawati 100".

Tofauti hiyo ya jumla ya mwaka bado si kubwa kama tofauti ya saa. Mji hautumii umeme kwa usawa. Usiku wa manane mahitaji hushuka; asubuhi hupanda; na kuna saa fulani, mara nyingi jioni watu wanaporudi nyumbani, ambapo kila kitu huwashwa kwa pamoja. Hicho ndicho kilele, na shirika hujenga mfumo wake wote kwa ajili ya saa hizo chache za mwaka. Saa nyingine zote, sehemu kubwa ya mitambo hukaa ikisubiri. Hili huwakera watu wanaotazama takwimu na kuuliza kwa nini tunajenga zaidi wakati mitambo iliyopo haitumiki nusu ya muda. Jibu ni kwamba umeme hauna ghala la kutosha. Betri zinaongezeka na mabwawa yanayohifadhi nishati kwa kupandisha maji juu yapo, ila kwa sehemu kubwa umeme unaotumika sekunde hii ni umeme unaozalishwa sekunde hii.

Ulinganifu huo husomwa kwenye masafa ya umeme: hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, katika nchi nyingi, 60 Marekani na kwingineko. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo huzidiwa, mizunguko yake hupungua kasi na masafa hushuka. Februari 2021, baridi kali ilipolivamia jimbo la Texas, Marekani, masafa ya gridi yalishuka hadi takriban 59.3 na kukaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Yangekaa hapo dakika tisa, mitambo ingeanza kujizima yenyewe ili isiharibike, na gridi nzima ingeanguka. Waendeshaji wakakata umeme kwa makusudi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikabaki gizani katika baridi ile. Kwa watu wa gridi, mgawo wa umeme ndio breki ya mwisho waliyo nayo.

Kwa hiyo thamani ya mtambo hutegemea mji unaouhudumia. Mji ambao kilele chake ni alasiri ya joto, viyoyozi vyote vikivuma, hupata msaada mkubwa kutoka kwenye paneli za jua. Mji ambao kilele chake ni saa mbili usiku hupata uniti za bei nafuu mchana, lakini kwa saa inayousumbua, mtambo huohuo bila betri una thamani ya sifuri. Na juu ya kilele shirika huweka akiba, kwa kawaida angalau ya kufidia mtambo mmoja mkubwa kuliko yote ukizimika ghafla. Gridi ndogo inayojivunia mtambo mmoja mkubwa mno hujikuta ikilazimika kuwa na akiba ya ukubwa uleule.

Makisio, au kesi ya vinu vitano

Kabla ya kununua chochote, shirika hukisia. Hesabu yake inaonekana rahisi: mahitaji yakikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, huongezeka maradufu ndani ya miaka 10, yakikua kwa asilimia 5, ni miaka 14. Mitambo mikubwa na laini ndefu huchukua miaka mingi kukamilika, basi uamuzi lazima ufanyike sasa kwa ajili ya mji ambao bado haupo. Tofauti ya asilimia mbili kwenye jedwali ni tofauti ya mabilioni kwenye ujenzi.

Hakuna mfano unaolifundisha hili vizuri kuliko jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Kwa miongo kadhaa mahitaji ya umeme huko yalikuwa yamepanda kwa kasi ya kuongezeka maradufu kila miaka 10, na wapangaji wakachora mstari uleule kuelekea mbele. Maeneo ya kujenga mabwawa mapya yalikuwa yamekwisha. Shirika la pamoja lililoitwa Washington Public Power Supply System likaamua kujenga vinu vitano vya nyuklia. Kwa vinu namba 4 na 5, mashirika 88 ya miji na wilaya yalitia saini mikataba yenye sharti kali: watalipa deni hata kama vinu havitakamilika.

Seattle, jiji kubwa la jimbo hilo, ilialikwa kuingia. Mwaka 1976, baada ya uchunguzi uliowashirikisha wakazi na kupewa jina la Energy 1990, halmashauri ya jiji ilikataa kununua sehemu ya vinu hivyo viwili na kuchagua kuwekeza katika kupunguza matumizi. Uamuzi ule ungeweza kuonekana wa woga. Wengine walikuwa wanajenga, Seattle ilikuwa inazungumzia kuziba nyumba zisipoteze joto.

Kilichofuata ni kwamba gharama za ujenzi zilipaa, bei ya umeme ikapanda, na bei ilipopanda watu wakatumia kidogo. Mstari uliokuwa unapanda ukalala. Mnamo Januari 1982 vinu namba 4 na 5 vilifutwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba mashirika ya umma ya Washington hayakuwa na mamlaka ya kutia saini mikataba ile, na mwaka huohuo shirika la pamoja likashindwa kulipa hatifungani za dola bilioni 2.25, tukio ambalo wakati huo lilikuwa kubwa kuliko yote ya aina yake kwa hatifungani za mamlaka za umma za Marekani. Kati ya vinu vitano, kimoja tu kilikamilika, kikaanza kazi mwaka 1984.

Somo linalotajwa sana ni la nyuklia, na nadhani si somo lenyewe. Kosa lilikuwa kuchukulia mahitaji kama mvua inayokunyeshea bila kujali unachofanya. Mahitaji husikia bei. Na gharama ya kukosea haiko sawa pande zote mbili: ukijenga pungufu, mji unaingia gizani na kila mtu anaona, ukijenga kupita kiasi, taa zinawaka vizuri na hasara inaingia kimyakimya kwenye bili kwa miaka mingi. Mwanasiasa yeyote anajua lipi kati ya haya mawili litamng'oa madarakani haraka zaidi.

Mkataba unaolipa hata mtambo ukilala

Siku hizi mashirika mengi hayajengi yenyewe. Hununua kutoka kwa wazalishaji binafsi kwa mkataba wa miaka 20 au 25. Mzalishaji hukopa benki, benki huuliza nani atalipa, na jibu ni mkataba huo. Ndiyo maana mkataba huwa na sehemu mbili za malipo: tozo ya uwezo, inayolipwa kwa sababu mtambo upo tayari, na malipo ya nishati, yanayofuata uniti zilizopokelewa. Ni kama kukodi gari na dereva kwa mwezi mzima: liwe safarini au limeegeshwa, ada ya mwezi iko palepale, na mafuta ndiyo yanayotegemea safari.

Hakuna ubaya katika mpango huo. Mtambo wa akiba unaofanya kazi saa 200 kwa mwaka hauwezi kuishi kwa kuuza uniti, na bila tozo ya uwezo hakuna atakayeujenga. Ubaya huanza pale mikataba mingi ya "uchukue usichukue, utalipa" inapotiwa saini kwa pupa, tena kila mmoja ukihalalishwa na hofu ileile.

Ghana ilipita njia hiyo. Kati ya mwaka 2012 na 2016 wananchi waliteseka na mgawo walioubatiza jina la dumsor. Serikali ikatia saini mikataba mingi ya dharura. Kufikia mwaka 2019, waziri wa fedha aliliambia bunge kwamba uwezo wa mitambo umefika megawati 5,083, wakati kilele cha mahitaji kilikuwa takriban 2,700. Kwamba megawati 2,300 kati ya hizo zilikuwa chini ya mikataba ya kulipa hata bila kutumia. Na kwamba nchi ilikuwa inalipa zaidi ya dola nusu bilioni kwa mwaka kwa umeme usiotumika. Ndani ya miaka michache tatizo la upungufu liligeuka kuwa tatizo la ziada, na la pili likawa gumu kulifuta kuliko la kwanza, kwa sababu upungufu unaweza kuuongezea mtambo ilhali mkataba huwezi kuupunguza bila upande wa pili kukubali.

Hata mkataba usio na tozo ya uwezo una mtego wake. Georgetown, mji wa Texas unaokua kwa kasi ya ajabu, ulisifiwa kwa kununua umeme wa upepo na jua kwa bei isiyobadilika kwa miaka mingi, kiasi cha kufidia matumizi yake yote na zaidi. Hesabu ilikuwa kwamba ziada itauzwa sokoni mpaka mji ukue na kuihitaji. Bei ya soko la jumla ikaporomoka pamoja na bei ya gesi, na mji ukawa unauza kwa hasara umeme ulioununua kwa bei ya mkataba. Bei isiyobadilika humkinga mnunuzi dhidi ya kupanda kwa soko, na humfunga soko likishuka. Mji uliokosea kiasi hulipia kosa hilo pande zote mbili.

Vyanzo vinavyougua pamoja

Juu ya kuchanganya vyanzo sitasema mengi, maana kila mtu anajua kwamba si vyema kutegemea kimoja. Kinachosahaulika ni kuuliza kama vyanzo vilivyo tofauti kwa jina vinaweza kupatwa na jambo moja. Zambia, inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji, ina mabwawa kadhaa. Ukame wa 2024 uliyapiga yote na watu wakakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Texas nayo ilikuwa na mitambo mingi ya gesi yenye wamiliki tofauti. Baridi iligandisha visima na mabomba, mitambo ikakosa gesi. Kisha umeme ulipokatwa, baadhi ya mashine za kusukuma gesi zikazimika pia, na mitambo ikazidi kukosa gesi. Kwenye karatasi zilikuwa megawati za kutosha.

Waya

Hii ndiyo sehemu ambayo, kwa maoni yangu, hupewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Umeme wa mji unaokua hutoka mbali, na umbali wenyewe siku hizi si tatizo la kiufundi. Ukiongeza msongo wa umeme maradufu, kwa nguvu ileile mkondo hupungua kwa nusu na upotevu kwenye waya hushuka hadi robo, ndiyo maana laini ndefu hutumia kilovolti 400 au 500. Los Angeles ilianza kupokea umeme wa bwawa la Hoover mwaka 1936, kutoka zaidi ya kilomita 400. Katika miaka ya 1980 ikajiunganisha na mtambo wa makaa ya mawe jimboni Utah kwa laini ya umeme wa mkondo mnyoofu yenye urefu wa takriban kilomita 785. Jiji limeachana na makaa hayo, nafasi yake ikachukuliwa na mitambo ya gesi iliyoundwa kupokea haidrojeni pia, lakini laini inabaki. Njia ya kupitisha nguzo ni mali inayoishi kuliko mtambo wowote, na jiji lililoipata miaka 40 iliyopita lina kitu ambacho leo lisingekipata kwa urahisi.

Ugumu ni ardhi, fidia, vibali na makandarasi. Nchini Kenya, mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa imesimikwa kufikia mwaka 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa tayari: kulikuwa na mivutano ya ardhi, kisha mkandarasi wa Kihispania akafilisika. Umeme ulianza kusafiri Septemba 2018. Mkataba ulisema mzalishaji akiwa tayari hulipwa, hivyo upande wa serikali ulilazimika kulipa fidia kwa mapanga yaliyosimama kwenye upepo mkali bila waya. Mzalishaji alikuwa ametimiza ahadi yake, na hakuna mpishi nyumbani aliyepata hata uniti moja.

Na laini ikifika kingo za mji, safari bado haijaisha. Auckland, New Zealand, ilijifunza hili mwanzoni mwa 1998. Katikati ya jiji palihudumiwa na kebo kuu nne. Katika kiangazi cha joto kisicho cha kawaida, kebo mbili kuukuu ziliharibika, mzigo ukahamia kwa mbili zilizobaki, nazo zikafa Februari. Nchi ilikuwa na umeme wa kutosha. Katikati ya jiji lake kubwa palikaa wiki tano kwa jenereta na laini ya dharura. Mwaka 2022 magharibi ya London waliambiwa kwamba baadhi ya miradi mikubwa ya nyumba huenda ikasubiri hadi 2035 kuunganishwa, kwa sababu vituo vya data, yaani majengo makubwa ya kompyuta zinazoendesha huduma za mtandao, vilikuwa vimeshachukua nafasi iliyobaki kwenye gridi ya eneo hilo.

Hapo ndipo kasi tofauti za vitu zinapogongana. Shamba la jua hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili. Transfoma kubwa ya kituo cha kupozea umeme hutengenezwa kwa oda na inaweza kusubiriwa miaka miwili hadi minne. Laini mpya inaweza kuchukua muongo. Marekani, mwishoni mwa 2023, miradi iliyokuwa kwenye foleni ya kuomba kuunganishwa na gridi ilikuwa na jumla ya takriban gigawati 2,600, zaidi ya mara mbili ya mitambo yote iliyokuwa inafanya kazi. Mingi haitajengwa kamwe. Baadhi ya wenye miradi huomba nafasi mahali patatu ili wajenge mahali pamoja tu.

Wakati mwingine jibu la bei nafuu ni kutopeleka umeme zaidi. New York, sehemu za Brooklyn na Queens zilipokaribia kuzidi uwezo wa vituo vyake, shirika la Con Edison lilikuwa na mpango wa kituo kipya cha takriban dola bilioni moja. Mwaka 2014 liliruhusiwa kutumia dola milioni 200 badala yake: taa bora, betri, kulipa majengo yapunguze matumizi saa ya kilele, lengo likiwa kupunguza megawati 52 mahali penye shida. Kituo kikaahirishwa. Mashirika mengi hayapendi njia hii, na sababu haifichiki: katika nchi nyingi shirika hupata faida kwa kiwango cha mtaji uliozikwa ardhini, si kwa mtaji uliookolewa. Bila mdhibiti kubadili namna shirika linavyolipwa, wahandisi wake wataendelea kuona kituo kipya ndilo jibu.

Mteja mmoja mwenye ukubwa wa mji

Makisio ya zamani yalikuwa na faraja moja: mji ulikua kwa nyumba moja moja, na makosa madogo yalifutana. Kituo cha data hakikui hivyo. Kinakuja na ombi la megawati 100 au 300, kinazitaka ndani ya miaka miwili, na kinaweza kughairi na kwenda kwingine. Ireland, vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa mwaka 2015. Mwaka 2023 vilitumia asilimia 21, kuzidi nyumba zote za mijini. Vingi viko kuzunguka Dublin, ambako maombi mapya yalibanwa kwa miaka kadhaa.

Shirika likijenga laini na kununua umeme kwa ajili ya mteja huyo, kisha asije, deni linabaki kwa wenye nyumba, sawa na lilivyobaki Washington. Ndiyo sababu jimbo la Ohio limeamua kuligeuza sharti la zamani upande wa pili. Julai 2025 mdhibiti wa huko aliidhinisha kanuni kwa shirika la AEP Ohio, linalohudumia pia eneo la Columbus: kituo kipya kikubwa cha data kitalipia angalau asilimia 85 ya umeme kilichosema kinauhitaji, kiutumie kisiutumie, kwa kipindi kinachoweza kufika miaka 12. Maombi yaliyokuwa mezani kabla ya hapo yalikuwa ya megawati 30,000 hivi. Wenye maombi walipotakiwa kuweka fedha zao nyuma ya maneno yao, zilibaki takriban 13,000.